Mwalimu Eufrazia Anatuachia Kamba

Tarehe 30 Juni 2025, Mwalimu Eufrazia Telesphor anastaafu kwa mujibu wa sheria baada ya kulitumikia taifa kwa miaka thelathini na minne, ishirini na mmoja kati ya hiyo akiwa hapa hapa chuoni kwetu Misunkumilo. Anaondoka na afya njema, meno yake yote, na sauti ambayo bado inasikika kutoka bwaloni hadi getini. Anayesema mama huyu amechoka hakumwona wiki iliyopita akimtoa mbuzi aliyeingia darasani.

Mimi ninayeandika haya ni Callixte Arcade, mkufunzi wa Kiswahili. Kamati ya sherehe ilinichagua kwa sababu ofisi yangu inapakana na yake, na kwa sababu tumetaniana muda mrefu kiasi kwamba hana tena pa kunishtaki. Niliagizwa niandike kwa heshima. Nitajitahidi.

Mwalimu Eufrazia alizaliwa Kibaoni, Mpimbwe, katika familia ya wakulima wa mpunga. Husema alijifunza kuhesabu kwa kufukuza ndege shambani, na kwamba hesabu ile haijakamilika mpaka leo kwa sababu ndege hawakai. Alisomea ualimu wa sayansi, akafundisha Baiolojia katika shule za sekondari enzi zile sisi bado tuko mkoa wa Rukwa, na mwaka 2004 akahamishiwa chuoni kwetu. Alishuka kwenye treni na sanduku la bati na hadubini moja aliyoifunga kwenye kitenge kama mtoto mchanga.

Kilichomngojea ni kichekesho. Chuo hakikuwa na mwanafunzi hata mmoja wa sayansi. Walikuwepo wa maendeleo ya jamii, wa utunzaji wa kumbukumbu, wa biashara na wa uhazili. Kumleta mwalimu wa Baiolojia hapa ilikuwa sawa na kumpeleka fundi baiskeli kwenye mji wa bodaboda. Mtu mwingine angepanda treni iyo hiyo kurudi alikotoka. Yeye alikwenda kwa mkuu wa chuo wa wakati huo akaomba kipindi kimoja kwa wiki kwa kila mwanachuo, wa fani yoyote, afundishe bioanuwai, yaani habari za viumbe wa kila aina tunaoishi nao. Alijenga hoja kwamba hawa hawa ndio watakaokuwa makarani, maofisa na watendaji wa vijiji. Ndio watakaoulizwa kama msitu ukatwe au uachwe, na ni heri wajue kilichomo ndani yake kabla ya kugonga muhuri.

Kipindi akapewa. Tuseme ukweli, mwaka wa kwanza ulikuwa msiba. Alifundisha kwa ubao na majina marefu ya Kilatini, na wanachuo wakalala. Wale wa uhazili walilala wakiwa wamekaa wima na kalamu mkononi, ujuzi ambao hauko kwenye mtaala wao. Mwisho wa muhula aliweka chaki chini, akaenda Soko Kuu, akarudi na mzigo wa kamba ya katani uliomshinda hata mwenye baiskeli.

Kuanzia hapo somo lake likawa kama tunavyolijua. Kila darasa linafinyanga viumbe kwa udongo wa kichuguu, kama tulivyofinyanga ng'ombe utotoni: tembo, kuku, samaki mgebuka, popo, mtu, mhogo, chochote. Kisha vinafungwa kwenye ncha za kamba, na kamba zinaunganishwa mbili mbili kwa mafundo. Kila fundo ni mzazi wa zamani ambaye watoto wake walitengana, huyu akashika njia hii na yule njia ile. Sharti ni moja: huruhusiwi kuwaweka wawili pamoja mpaka useme wamerithi nini kwa pamoja. Kazi ikiisha, mti wa ukoo unatandazwa kwenye sakafu ya bwalo, kutoka mlango wa jikoni hadi jukwaani, na watu wanaruka ruka juu yake kwenda kuchukua chai.

Usifikiri mafundo yale yalifungwa kwa amani. Mwaka mmoja alikuwepo kijana anaitwa Mabula, mtoto wa wafugaji, ambaye tembo aliyemfinyanga alifanana na birika lakini ng'ombe wake alikuwa mzuri kuliko wa kwenye kalenda. Mabula alimfunga ng'ombe pamoja na punda. Ushahidi wake ulikuwa kwamba wanalala zizi moja na wanavuta mkokoteni mmoja. Mwalimu Eufrazia hakubisha. Alimwambia tu ahesabu kwato. Punda ana ukwato mmoja mguuni, ng'ombe ana ukwato uliopasuka, na vidole vya kiboko, vinne, navyo ni vya shufwa kama viwili vya ng'ombe. Ikaonekana kwamba ng'ombe yuko karibu zaidi na kiboko kuliko na punda. Mabula alinuna siku nzima. Alisema akirudi nyumbani na habari kwamba ng'ombe wa baba ni binamu wa yule mnyama anayevunja mitumbwi, hatapewa hata maziwa. Mwalimu alimjibu kwa sentensi ambayo sasa wanachuo wote wanaijua kwa moyo: "Kulala zizi moja siyo kuzaliwa tumbo moja." Wako walioitumia baadaye katika mambo ya mirathi, lakini hayo hayamhusu.

Nisipoeleza kisa cha uyoga, mpishi wetu Hilari hatanisamehe. Ilikuwa Kwaresima, mvua imenyesha vizuri, na uyoga wa miombo umejaa sokoni. Asubuhi ya Ijumaa Mwalimu Eufrazia alikuwa amehamisha uyoga kwenye mti wa ukoo. Darasa lilikuwa limeufunga pamoja na mchicha na matembele kwa sababu vyote hupikwa na karanga. Yeye akaonyesha kwamba uyoga haujitengenezei chakula kwa jua kama mboga za majani, hutafuta cha kula kama sisi, na kwamba fundo lake liko upande wa wanyama. Wanachuo waliandika, wakashukuru, wakaenda chakula cha mchana. Hilari alikuwa amepika sufuria kubwa la uyoga. Hakuna Mkatoliki aliyegusa. Walikaa mbele ya ugali mkavu wakiwa na nyuso za watakatifu, kwa hoja kwamba wamethibitishiwa asubuhi ile kuwa uyoga ni ndugu wa nyama.

Hilari alitoka jikoni na mwiko mkononi akimtafuta mwalimu wa Baiolojia, na nadhani hakuwa na nia ya kumkoroga. Mwalimu Eufrazia, ambaye naye ni Mkatoliki na ni sauti ya kwanza katika kwaya ya parokia, alisimama juu ya benchi. Akawauliza wenzake Ijumaa iliyopita walikula nini. Walikula dagaa. Akawapeleka kwenye kamba, wakafuata mafundo kwa vidole: kutoka dagaa hadi ng'ombe ni karibu, wote wana uti wa mgongo, kutoka uyoga hadi ng'ombe ni safari ya mbali, unavuka bwalo zima. Kama dagaa hawavunji mfungo, uyoga hauna kesi. Baba Paroko alipoulizwa Jumapili alicheka mpaka akavua miwani, akasema Kanisa linakataza nyama na halijawahi kuagiza waumini wapime kamba. Sufuria lile liliisha, na Hilari alianza kuhudhuria kipindi cha Ijumaa ili, kama anavyosema, ajue mapema nini kitasusiwa.

Sasa nieleze siku iliyonifanya na mimi niwe mwanafunzi wake.

Miaka ile alikuwa na kawaida ya kuanza muhula kwa ukoo wa watu kabla ya ukoo wa wanyama. Kila mwanachuo alifunga kamba fupi ya familia yake, akataja fundo moja moja kwa sauti: mama, bibi, mama wa bibi, mpaka pale kumbukumbu inapokoma. Ilikuwa mchezo wa kuchangamsha darasa, na watu walijisifu. Kulikuwa na binti anaitwa Ernestine, wa maendeleo ya jamii, mpole, aliyeandika kwa mkono mzuri sana. Familia yao ilitoka Burundi mwaka sabini na mbili. Bibi yake alivushwa mpaka akiwa mtoto mdogo, mgongoni kwa mtu ambaye hakuwa mama yake, na huyo mtu naye hakujua mtoto ametoka nyumba gani. Ernestine alitaja fundo la mama yake, Libérate. Akataja la bibi. Akafunga jingine juu yake, akalishika bila kulitaja. Kutoka nyuma mtu akauliza kwa sauti kama huyo hana ukoo, na darasa likacheka.

Mimi nilikuwa mlangoni, nimekuja kuazima ufunguo wa stoo. Nami ni mtoto wa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi. Babu yangu alivuka mwaka ule ule, na kamba yangu ingekatika pale pale ilipokatika ya Ernestine. Nilitaka kuingia nikawafokee wote, na sijui ningesema nini.

Mwalimu Eufrazia hakumfokea mtu. Alikwenda kwenye mti mkubwa wa darasa la muhula uliotangulia, uliokuwa bado sakafuni, akamshika kiboko kwa mkono huu na ng'ombe kwa mkono ule, akawainua mpaka fundo lao likaning'inia mbele ya uso wake. Akaliuliza darasa zima jina la mzazi yule. Akasema, na hapa naomba ruhusa ya kumnukuu kama alivyosema: "Nyie, huyu hakuna aliyemwona. Jina lake halijulikani, kaburi lake halipo. Sasa kama hakuwepo, hawa wawili wametokea wapi?" Kisha akaenda kwa Ernestine, akalikaza lile fundo lisilo na jina kwa mikono yake mwenyewe, na kuifunga kamba ya binti yule kwenye mti mkubwa, pale penye mtu wa udongo. Akaendelea na kipindi.

Tangu siku ile aliacha kabisa kuwataka wanachuo wataje majina. Alituambia ofisini kwamba amekosea miaka mingi bila kujua, na kwamba fundo ni fundo. Mimi ufunguo wa stoo niliusahau. Jioni nilimpigia simu baba yangu Katumba bila sababu ya maana, tukaongea habari za mihogo. Ijumaa iliyofuata nilibeba kiti changu nikakae nyuma ya darasa lake, na sijaacha.

Matunda ya kazi yake yametapakaa mkoani. Mtendaji mmoja wa kijiji huko Kasekese, mwanafunzi wake wa utunzaji wa kumbukumbu, aliwahi kutandaza kamba kwenye mkutano wa hadhara ili wananchi waone ni viumbe wangapi wanategemea miti ya kando ya kijito, na miti ile ipo mpaka leo. Mabula ni karani wa mnada wa mifugo na bado anakanusha habari za kiboko. Ernestine ni afisa maendeleo ya jamii Mwese, anapanda ile milima kwa pikipiki vizuri kuliko vijana wengi, na leo yuko nasi ukumbini.

Pamoja na hayo yote, mwaka huu tulimwona Mwalimu Eufrazia akiwa na mawazo. Sababu tuliijua. Ratiba mpya ilikuwa inaandaliwa, na Mkuu wetu wa Chuo, Mwalimu Amedeus, alisema jambo la haki kabisa: somo lisilo na mwalimu haliwezi kukaa kwenye ratiba. Chuo hakina mtaalamu mwingine wa sayansi wala hakitarajii kumpata karibuni. Eufrazia akiondoka, somo linaondoka naye. Mama huyu hakuwahi kuomba nyumba, hakuwahi kuomba safari, hata kiti kilichovunjika alikishona mwenyewe kwa katani. Safari hii aliomba. Aliomba apewe muhula mmoja atafute mrithi.

Alianza na Mwalimu Faith wa uhasibu, ambaye alimpenda lakini ana watoto mapacha. Akaenda kwa mkufunzi wa kompyuta, ambaye alikubali kwa masharti kwamba kamba ziondolewe na mti uonyeshwe ukutani kwa mashine. Siku ya majaribio umeme ukakatika wakiwa wamefika kwa mjusi. Halafu nikamwona amesimama mlangoni kwangu.

Nilicheka. Nilimkumbusha kwamba mtihani wa Baiolojia mimi nilipata alama ambayo mama yangu alidhani ni tarehe. Akanijibu kwamba ndiyo maana amekuja: darasa lake lote ni la watu walioikimbia Baiolojia, na yeye kwa bahati mbaya hajawahi kuikimbia, kwa hiyo kuna kitu hajawahi kukijua. Nilimwangalia nikaona macho yake yamelowa, na hapo nikaogopa kweli kweli, maana utani wetu wote ulikuwa umejengwa juu ya imani kwamba mama huyu halii.

Mwalimu Amedeus aliweka sharti: nifundishe kipindi kimoja mbele ya kamati ya taaluma, Eufrazia akae nyuma na asifungue mdomo. Nikifaulu somo linabaki. Nikishindwa linatoka. Wiki nzima nilifanya mazoezi bwaloni, yeye akinitazama huku anachambua mchele.

Siku ikafika. Kamati imekaa na kalamu zao. Mambo yalikwenda vizuri mpaka nilipofika kwa mamba. Nilimfunga na mjusi, kwa kujiamini, kama nilivyofanya wiki nzima: magamba, tumbo chini, mkia mrefu. Binti mmoja, Rosine, aliyekulia karibu na mto, akanyoosha mkono akasema mamba si wa pale, ni wa kwa kuku. Watu waliangua kicheko, na mimi nikamwambia akae. Hakukaa. Akasema yeye amesikia kwa masikio yake: watoto wa mamba hulia wakiwa bado ndani ya yai, na mama yao huja kuwafukua, kama vile vifaranga wanavyolia ndani ya yai na mama kuku akawaitikia. Mjusi akishataga anakwenda zake.

Nilimtupia jicho Eufrazia aniokoe. Alikuwa anatazama dirishani, kana kwamba kuna arusi inapita. Nikasimama pale na kamba mkononi na jasho mgongoni. Nikajua kwamba nikimnyamazisha Rosine nitamaliza kipindi salama, na kipindi kile hakitakuwa cha Mwalimu Eufrazia. Nikaliambia darasa tuangalie. Tulifungua kitabu chake kikuukuu, na kitabu kikasimama na Rosine: moyo wa mamba una vyumba vinne, sawa na wa kuku, wa mjusi una vitatu. Nikapiga magoti sakafuni mbele ya kamati nzima, nikalifungua fundo langu kwa meno maana nilikuwa nimelikaza sana, nikamhamisha mamba kwa kuku. Darasa lilipiga makofi. Nilijua nimeshindwa.

Mwalimu Amedeus hakujadiliana na mtu. Alisema amekaa kwenye vikao vingi na hajawahi kumwona mkufunzi akifungua kosa lake kwa meno, na kama somo linafundisha hivyo basi libaki, na ikiwezekana walimu wote walisome. Ndivyo somo lilivyobaki kwenye ratiba. Tulipotoka nje nilimuuliza Mwalimu Eufrazia kama aliliona lile kosa wakati wa mazoezi. Aliliona Jumatatu. Alikaa kimya wiki nzima na ungo wake wa mchele, akingoja nione mwenyewe au nionyeshwe. Sijamsamehe, na sitaki kumsamehe.

Ijumaa iliyopita alinikabidhi ofisi: hadubini, sanduku la bati na gunia la kamba. Kila mwisho wa mwaka yeye huzifungua kamba zote, huzifua na kuzianika, na mimi nilikuwa nimemwomba sana kwamba mwaka huu aniachie mti mmoja uliokamilika, niwe na pa kuchungulia. Nilipofungua gunia nikakuta kamba tupu, zimenyooshwa, safi. Alikuwa amefungua mafundo yote. Yote, isipokuwa moja, dogo, limekuwa jeusi kwa kushikwa. Lile nimekuwa nikiliona miaka yote, nikidhani limemshinda kufungua. Alinieleza kwa kifupi, huku anatafuta viatu vyake, kwamba yale mengine ni ya wanafunzi wangu wakafunge wenyewe, na hilo la Ernestine si lake yeye kulifungua, wala si langu. Baada ya hapo alivaa viatu akaondoka kuwahi kwaya. Nilikaa na lile gunia, nikalia, na sioni aibu kuliandika.

Mwalimu Eufrazia, kwa niaba ya wakufunzi, wanachuo, Hilari na jiko lake lote, tunakushukuru. Ulipewa kituo kisicho na mwanafunzi wa sayansi hata mmoja, ukatufanya sote wanafunzi. Nenda Kibaoni ukalime mpunga wako, ukawafukuze ndege na kuendelea na ile hesabu yako. Viboko wakikuingilia shambani, wapokee kwa upole, ni shemeji zake Mabula. Tunakuombea mavuno mazuri, magoti yasiyouma, wajukuu wasumbufu, na maisha marefu yenye raha.

Ijumaa ya kwanza ya muhula mpya nitazitandaza kamba bwaloni, kutoka mlango wa jikoni hadi jukwaani. Fundo moja litakuwa limeshafungwa. Tutaanzia hapo.